Omba Ukiniangalia

Kwa kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, maana najua salamu nyingine kwako ni upungufu. Natumaini wifi hajambo na wanao wanaendelea vizuri na masomo. Lile jino lililokuzuia kuja mwezi wa nne natumaini limetulia, na gari lililokuzuia mwezi wa saba nalo limetengemaa. Sisi huku ni wazima, ukimtoa mama.

Mama bado yuko kitandani. Huu ni mwezi wa nane tangu ateleze bafuni akavunjika nyonga. Kidonda cha mgongoni kimekauka, ila sasa moyo ndio unaomsumbua. Akisema maneno kumi anapumzika. Muuguzi anayekuja Jumatano aliniita nje, karibu na pipa la maji, akaniambia kama kuna ndugu wa kuitwa basi aitwe. Nilimjibu kwamba ndugu ni mmoja na ameshaitwa mara tatu. Masikio ya mama ndiyo yamekufa kabisa. Miaka ishirini na sita kwenye zile mashine za kufuma haikumwachia kitu. Tukitaka kumwambia jambo tunaandika kwenye daftari, anavaa miwani, anasoma, anajibu.

Aya zako zinafika. Kila asubuhi simu inalia nikiwa nimeshika beseni, nanawa mikono, nainakili aya daftarini, mama anaisoma na kutikisa kichwa. Juzi alisema mwanawe wa kiume siku hizi ana mwandiko mzuri. Mwandiko ni wangu, kaka.

Kazi niliacha, hilo unalijua, ila hujawahi kuniuliza niliacha nini. Nilikuwa msimamizi wa chumba cha pasi pale hotelini, wanawake sita chini yangu, na shati la mgeni lilikuwa halitoki mpaka nikague kola kwa vidole vyangu. Leo napiga pasi shuka za mgonjwa, na hakuna wa kuzikagua. Yule fundi umeme niliyekwambia ana nia ya kuja kujitambulisha nyumbani alisubiri miezi mitano, kisha akaoa kwingine. Simlaumu. Nakulaumu wewe, na nimechoka kujifanya sikulaumu.

Kanisani lakini nasifiwa mpaka naona haya. Akina mama wa kikundi cha maombi wakija Alhamisi wananitolea mfano kwa mabinti zao. Mchungaji amenipanga nitoe ushuhuda Jumapili ijayo, nieleze jinsi imani inavyomfariji mtu katika kipindi kigumu. Anasema akiingia nyumbani kwetu anaona amani. Wote wanasema inatokana na maombi yetu ya jioni. Kila siku, kabla giza halijaingia, mama hutaka nipige magoti pale dirishani, nimwelekee, niombe kwa sauti. Nikiinamisha kichwa ananigusa bega kwa ile fimbo yake na kuniambia niombe nikimwangalia. Mimi nilidhani anataka kuhakikisha sisinzii. Nikimaliza anaitikia amina mpaka jirani anasikia, na usingizi wake unakuwa mzuri.

Sasa kaka, kaa chini. Wiki ya kwanza niliomba kama tulivyofundishwa. Wiki ya pili maneno yaliniisha. Nilimwangalia yule mama kiziwi, nikaona hapa hakuna anayenisikia, na huko juu vilevile, nikaanza kusema lililokuwa moyoni. Nilimwambia Mungu mgongo unaniuma. Nilimwambia amenikalisha ndani kama kuku anayeatamia, na mayai si yangu. Nilimweleza habari za fundi umeme, kwa kirefu. Wewe nilikusema karibu kila siku. Nilimwambia kaka yangu anaijua njia ya mbinguni hatua kwa hatua, ila ya kuja kwa mama yake imempotea. Kisha nilikuwa namalizia kwa jina la Yesu, mama anasema amina, nakwenda kuosha vyombo nikiwa mwepesi. Miezi saba nimefanya hivyo, na mbele za watu nikaitwa mwombaji.

Jumamosi iliyopita alikuja Mama Nyuzi kumwona mgonjwa. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa akifanya kazi na mama kiwandani, aliyekuwa akitupatia vipande vya kitambaa tutengenezee wanasesere. Niliwaacha chumbani nikaenda kuanua nguo. Niliporudi na shuka mkononi sikusikia sauti yoyote, nikadhani mmoja amesinzia. Nilipochungulia, Mama Nyuzi amekaa kwenye kiti cha ukutani, mama yuko kitandani, midomo ya wote wawili inakwenda mbio bila sauti, na mama anacheka huku ameshika nyonga. Ndipo nilipokumbuka. Wewe na mimi tulikuwa tunasimama kwenye geti la kiwanda tukiwaiga, kaka. Mle ndani mashine zilikuwa na kelele kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake, kwa hiyo wale wanawake walikuwa wanasomana midomo kutwa nzima, na wakitoka nje waliendelea hivyohivyo. Tuliwaiga mpaka tukachapwa. Halafu mimi mwenye akili zangu timamu nikalisahau jambo hilo, nikapiga magoti mbele yake kwenye mwanga wa dirisha.

Yale niliyokusema wewe wala sikuyafikiria. Nilifikiria Jumanne moja ya mwezi uliopita, siku niliyombadilisha shuka mara nne, nikapiga magoti na kusema: Bwana, mchukue, mchukue wiki hii, mimi nimechoka. Nilisema nikimwangalia usoni kama alivyotaka. Naye akasema amina.

Jioni ile sikuweza kufungua mdomo. Mama alingoja, kisha akaniuliza leo vipi, Chiriku amekatwa ulimi? Nikamuuliza, bila daftari, tangu lini anaona ninachosema. Alisema tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza mbona alituacha tuandike miezi yote hii. Akajibu kwamba mtu akiandika anachagua maneno, na yeye maneno yaliyochaguliwa anayo ya kutosha, yanakuja kila asubuhi kwa simu. Alipumzika, akavuta pumzi, kisha akaniambia habari ya ile Jumanne. Kumbe asubuhi yake alikuwa amemwomba Mungu jambo lilelile, kwa maneno karibu yaleyale, akaona aibu, akadhani imani imemtoka uzeeni. Jioni alipoliona likitoka mdomoni mwangu alijua hayuko peke yake, na hiyo, alisema, ndiyo faraja aliyopata tangu aanguke. Nililia juu ya shuka niliyotoka kuipiga pasi. Kisha aliniambia nisimcheleweshe, mwanga unakwisha. Nikaomba. Nilisema, Bwana, bado tupo, na bado nimechoka. Akaitikia amina.

Ushuhuda wa Jumapili sijui nitasema nini. Huenda nikasema hayahaya, wanifukuze.

Lakini barua hii ni ya mama, mimi ni mkono tu. Amesema usitume tena aya. Anataka uje, upige magoti palepale dirishani, umwombee ukimwangalia. Nimemwambia una kazi nyingi. Akaniambia hilo pia uje ulisemee pale, alione likitoka mdomoni mwako. Ukikosa la kusema nyamaza tu, hatakulazimisha.

Msalimie wifi, wabusu watoto, waambie shangazi yao anawapenda. Ukija, fika kabla jua halijazama. Taa ya chumba kile ni hafifu, na muuguzi anarudi Jumatano.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku