Bundi Waliozaa Kwenye Mzinga Wetu

Mjukuu wangu Matonya,

Nakusalimu mimi babu yako mdogo, ambaye Mdachi, mkuu wa boma la Wajerumani la Dodoma, halali bila kuniuliza habari za mvua. Nyumbani wazima, mbuzi kazaa pacha.

Umeuliza kama bundi wa darini shuleni kwenu ni mkosi. Nilipooa, bundi walizaa kwenye mzinga mtupu wa nyuki uani. Bibi yako akaja na kijinga cha moto. "We bwana, unafuga wachawi? Nauchoma!"

"Chungulia kwanza."

Dume likaleta panya mkubwa kama sungura. Kinda mkubwa akampokea, akamsogezea mdogo wake ale kwanza.

Bibi yako akazima kijinga. "Wenye adabu hivi hawachomwi."

Basi usiogope. Ila mimi, bundi akilia, bado najifunika shuka mpaka kichwani.