Viatu Vilivyofungiwa Stoo

Misheni, Bomet
3 Machi 2024

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi. Natumaini mgongo umetulia na majani ya chai bado yanachumika huko Kiptere. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inachefuka. Simu zetu manovisi, sisi tunaojiandaa kuwa masista, zimefungiwa hadi tuweke nadhiri, ndiyo maana naandika.

Juzi wafadhili walikuja kutoka ng'ambo. Kabla hawajafika, Sista Beverly, mkuu wa shule, aliwaambia wasichana: "Toeni viatu mpeleke stoo. Wageni wakiona viatu watasema hapa hakuna shida." Chepkemboi, yule mdogo wa darasa la kwanza, alilia, maana vyake ni vipya, babake alimnunulia juzi tu. Halafu tukapanga watoto mstari, tukaimba nyimbo za kukaribisha. Nilisikia kinyaa, Mama. Shule inafundisha vizuri, sikatai. Wasichana waliotoroka kuozwa wanasoma hapa. Lakini kuwavua watoto viatu ili wahurumiwe? Sitaki kuweka nadhiri Agosti. Nataka kurudi nyumbani.

Binti yako,
Janefer

Kiptere
14 Machi 2024

Kwako Janefer,

Barua nimepata, nashukuru Mungu u mzima. Mgongo uko vile vile.

Sasa nisikilize. Unaniletea habari ya viatu? Baba yako alipokufa nani alikusomesha, si hao hao masista? Kambi nzima ya wachuma chai inajua nitakuwa mama wa sista. Mjomba wako Ombui ameshatenga mbuzi wa sherehe ya nadhiri. Ukirudi hapa nitaficha uso wapi? Acha maringo. Sista Beverly mwenyewe amenialika siku ya wazazi. Nitakuja na viatu vyangu vyeusi vya kanisani, nikukalishe chini tuongee.

Mama yako,
Mongina

Misheni, Bomet
9 Aprili 2024

Mpendwa Mama,

Hujambo? Ulifika nyumbani salama? Siku ya wazazi nilikungoja jikoni mpaka sufuria zikaoshwa. Wenzangu wanasema walikuona, lakini mimi hukunisalimu. Leo nimetumwa stoo kuchukua sabuni, nikakuta viatu vyako vyeusi juu ya rundo la viatu vya watoto. Nilipomuuliza Sista Beverly akacheka: "Mama yako alitusaidia kidogo na picha." Mama, walikufanya nini?

Binti yako,
Janefer

Kiptere
20 Aprili 2024

Mwanangu Janefer,

Salamu. Mimi nyayo zinaanza kupona.

Nilifika nimependeza, wewe! Sista Beverly akasema wageni wako tena, nimsaidie. Nikavuliwa viatu, nikapewa leso iliyotoboka, nikakalishwa kwenye matope na Chepkemboi mapajani, eti ni mjukuu wangu yatima. Na babake amesimama pale pale getini, ameshika ndizi za mtoto! Mimi nikatabasamu, maana kwetu mtu akipigwa picha hutabasamu. Sista akanikemea: "Mama, usicheke! Fikiria kitu ya uchungu." Nikakufikiria wewe, na ile barua niliyokuandikia. Nikalia, nao wakafurahi sana.

Ptuu! Hadi leo nikikumbuka natema mate. Niliondoka na leso yao, sikungoja wafungue stoo, pekupeku hadi barabarani. Ningekutazamaje usoni?

Rudi nyumbani. Mbuzi wa Ombui tutamchinja vile vile, na atakayeuliza sababu aje aniulize mimi. Ila kabla hujatoka, fungua hiyo stoo, kila mtoto umrudishie viatu vyake. Vyangu vivae wewe, upite navyo getini wakikuona.

Mama yako,
Mongina