Grenada, Mtu Mmoja

Baba Salma,

Nakuandikia nikiwa jikoni, nimekalia kiti chako, maana changu kimelegea mguu na fundi wa kukigongea msumari ulikuwa wewe. Eda imekwisha wiki tatu sasa. Nimetoka mpaka Alum Rock Road kununua bamia, na watu wameniamkia kama mtu aliyerudi safari. Mimi mzima. Salma naye mzima, isipokuwa kiburi, na hicho amekirithi kwako.

Sasa nikupe habari yenyewe. Safari yetu ya meli, ya kuzunguka Barbados, St Lucia na Grenada, iko palepale. Nilitaka kuivunja, na kaka yako alinishauri hivyohivyo, akasema mjane akaonekane anatembea visiwani, watu watasema nini? Nikamwambia watu walianza kusema siku tulipohamia Saltley, huku kwa Waingereza, na mpaka leo hawajachoka. Basi nafasi yako nimempa Salma. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuitia posta ile fomu ya matembezi, ile ya kuchagua tukishuka kila kisiwa twende tukaone nini.

Ninayo hapa mbele yangu. Umeijaza kwa wino na rula, kama ulivyofanya kila kitu. Lakini we bwana! Mwanamume ameshinda miaka tisa ndani ya basi akikata tiketi, anapata likizo, anachagua nini? Basi! Barbados, kuzunguka kisiwa kwa basi. St Lucia, kwa basi mpaka kwenye mlima wa volkano unaonuka yai viza. Na pembeni umetuandikia dakika za kuchelewa tunazoruhusiwa, tano. Nilicheka peke yangu mpaka Salma akashuka ngazi kuja kuniangalia.

Nisamehe, nimekufutia yote mawili. Bi Ivy, yule mama wa Kibarbados wa mlango wa pili, aliposikia tunapita kwao alikuja na kifurushi cha kumpelekea mama yake: majani ya chai, picha za wajukuu, na sweta. Sweta, Barbados! Nikakipokea. Bibi aliyestahimili jua lile maisha yake yote, sweta halitomuua. Huyu Bi Ivy ndiye aliyeniletea samaki wa kukaanga kila Ijumaa ya eda yangu, akakaa na mimi bila kunilazimisha kuzungumza. Siwezi kufika mji wa mama yake nikaupita mlango nimo ndani ya basi, nisipige hodi. Msichana wa ofisi ya usafiri alinishangaa, maana fomu yao haina mahali pa mtu anayekwenda kusalimia. Nimeandika mwenyewe, chini kabisa, kwa herufi kubwa. St Lucia nitakaa ufukweni, miguu majini, sifanyi lolote. Volkano nimewaachia Waingereza.

Ikabaki Grenada.

Unakumbuka tulivyogombana kwa ajili ya Grenada? Ulichagua shamba la viungo, la kungumanga na mdalasini na karafuu, nami nikakuuliza, "Mtu wa Pemba akalipe kuonyeshwa mkarafuu?" Ukacheka, ukasema, "Basi utawafundisha wao." Nikanuna siku mbili. Wala sikukwambia kweli, kwa hiyo nakwambia leo. Naogopa ile harufu. Nimekaa na mama mkekani tangu mdogo tukichambua, karafuu huku, vijiti vyake vya makonyo kule, mpaka viganja vinashika rangi. Tulipoondoka Pemba hatukuweza kurudi tena. Na ile telegramu ilipofika hapa, mama alikuwa na siku kumi kaburini. Sikulia. Nilivaa koti nikaenda kiwandani, kwa sababu zamu yangu ilikuwa inaanza. Wewe ulinitazama tu, ukanifungia chakula. Tangu siku ile sijatia karafuu kwenye pilau, na wewe umekula pilau isiyo na karafuu miaka yote, hukuuliza hata mara moja. Wewe, uliyekuwa ukiuliza chumvi!

Kwa hiyo asubuhi hii kalamu ilikuwa mkononi niifute Grenada nayo. Nilishaamua nitabaki melini nikifuma. Ndipo nikaona hesabu ya watu. Barbados umeandika wawili. St Lucia wawili. Grenada, mmoja.

Nikadhani umekosea. Nikamwita Salma, maana yeye ndiye aliyekusaidia kuisoma ile fomu. Unamjua, namuuliza Kiswahili ananijibu Kizungu. "It's not a mistake, Mama. Baba said hiyo ni yako peke yako. He was going to wait at the harbour." Kwamba si kosa, na wewe ungenisubiri bandarini. Eti ulimwambia, "Mama yako hajapata kulia mbele yangu, na hatoanza nikiwa nimemkodolea macho."

Baba Salma.

Niliweka kalamu chini. Kumbe ulijua. Siku zile mbili nimekununia, wewe ulikuwa umekwisha kupanga, umekaa kimya na siri yako unakunywa chai. Nimekasirika kidogo, nakiri. Mtu gani anamjua mwenzake hivyo, asimwambie? Halafu hasira imeondoka, na nimebaki nimeshiba, sijui niiteje hali hii. Nilikuwa nikijiambia popote nitakaposhuka nitashuka bila wewe kwa kuwa umekufa. Lakini kule ungenituma bila wewe hata ungekuwa hai. Kati ya mipango yako yote ni huo peke yake ambao kifo hakikuuharibu, na mimi pia sijauharibu.

Fomu nimeitia sasa hivi kwenye bahasha, Salma ameikimbiza posta huku akilalamika mvua. Yeye ndiye atakayenisubiri bandarini. Nimemwambia achukue kitabu, kwa sababu dakika zako tano sizifuati.

Pumzika, mume wangu. Mola akupanulie ulipolala, na akulipe kwa kila pilau uliyokula kimya. Na ahadi yangu ni hii: Grenada nitashuka. Nitachuma karafuu mbichi, niisugue kiganjani, niinuse. Kilio cha mama yangu kikija sitokimeza tena. Nitamlilia mchana kweupe, katikati ya watalii wa watu, mpaka nimalize.

Mkeo,
Zuhura