Gazeti la Serikali Halipo Mezani

Ijumaa, 30 Oktoba 1998

Wameliondoa! Miaka kumi na tisa, kila Ijumaa naingia maktaba ya huku kwetu Temeke, nakaa kiti cha dirishani, nafungua Gazeti la Serikali, nanakili matangazo kwenye daftari. Mirathi, viwanja, hati zilizopotea. Alasiri nawasomea watu barazani. Leo meza tupu! Felicitas, binti wa maktaba, eti makaratasi hayaletwi tena. Linakuja kwenye diski, linasomwa kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bi harusi.

"Njoo nikuonyeshe, mzee, dakika tano tu."

Mie nionyeshwe kusoma? Mie niliyeishia darasa la sita, lakini la sita la mkoloni! Niliyemsahihisha DC hesabu yake hadharani mpaka akavua kofia! Nimemwambia kitu cha serikali hushikwa kwa mkono. Nikatoka.

Barazani walishakaa, wananisubiri. Nifanyeje? Nikafungua daftari, nikasoma matangazo ya mwaka juzi. Tarehe nikazibadilisha. Khalfani fundi cherehani akasema, mjomba Twaha, bila wewe sie vipofu.

Ijumaa, 13 Novemba 1998

Leo nilikaa mbele ya lile dude. Felicitas alikuwa rafuni. Nikagusa kitufe kimoja — likalia! Ukumbi mzima ukageuka. Nikasema nafuta vumbi. Nikatoka. Huu ni uhuni! Nani kawatuma? Wafadhili? Kila kitu siku hizi ruksa, kasoro mtu kusoma karatasi yake.

Barazani nikasoma ya mwaka juzi tena.

Halafu akaja dada Mwanaasha. Tangu afiwe na mumewe swali lake ni moja: "Twaha, cha Bunju hakijatajwa?" Kiwanja kile marehemu kamwachia yeye, hati iko ndani ya kasha lake, chini ya kanga. Ila anamwogopa shemeji yake Kondo, mdogo wake marehemu. Ana tamaa yule.

Nikamwambia: "Dada, lala usingizi. Nimesoma mstari kwa mstari. Hamna."

Akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina.

Jumamosi, 5 Desemba 1998

Kondo! Mwizi! Fisi asiye na aibu! Kapeleka wapimaji Bunju. Jirani wa kule kamletea dada habari, dada kaenda mwenyewe kumkabili. Karudi, kaniita kwake.

Kondo kamwambia hivi: "Shemeji, hati ya kaka imepotea. Nimetangaza kwenye Gazeti la Serikali mwezi uliopita, mwenye pingamizi ana siku thelathini. Mdogo wako si ndiye msomaji wa Temeke nzima? Hakukwambia?"

Imepotea wapi na iko kashani!

Dada akaniuliza mbele ya wanawe: "Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Yote?"

"Yote, dada. Huyo anakutisha tu."

Kanitazama tu, akaingia ndani.

Maktaba ndiyo yenye makosa! Wao! Wangeliacha gazeti pale mezani ningeliona, wallahi ningeliona siku ileile.

Jumatatu, 7 Desemba 1998

Homa. Sikwenda maktaba. Si homa hasa.

Jumanne, 8 Desemba 1998

Nilikuwa mlangoni kabla hawajafungua. Umeme hakuna! Nikawaka. Nikapiga meza. Gazeti la karatasi lingesomeka hata kwa mwanga wa dirisha! Leteni karatasi!

Felicitas: "Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Leta karatasi!"

"Hatuletewi, mzee, nilikwambia. Na hizo dakika tano nakuomba tangu Oktoba."

Watu wanasikiliza. Nimekaa mpaka saa tisa, umeme haukurudi. Kesho sikukuu ya Uhuru, wanafunga.

Alhamisi, 10 Desemba 1998

Umeme upo. Felicitas kabonyeza, kabonyeza, hata dakika tano hazikutimia. Lile pale! Hati iliyopotea, kiwanja cha Bunju, jina la marehemu, mwombaji Kondo. Gazeti la Ijumaa, 13 Novemba, Ijumaa ileile niliyomwambia dada alale usingizi. Siku thelathini zinaisha Jumapili, na ofisi ya hati Jumamosi na Jumapili haifunguliwi. Imebaki kesho! Dada apeleke pingamizi mwenyewe, na hati mkononi, na nakala ya tangazo.

Felicitas akalichapa kwenye karatasi. Nikamwambia, mwanangu, hiyo tarehe ya juu ikate, inachafua ukurasa. Akanitazama sana.

"Mzee, bila tarehe ofisini hawaipokei."

Njia nzima nimeikunja karatasi, nimeikunjua. Nilifikiri niseme mashine ilikosea. Nilifikiri niseme waliliingiza jana. Lakini ningesema hivyo, dada angedhani siku bado zipo, na kesho ingepita.

Sasa niko kwa dada. Nimekaa kibarazani kwake, daftari magotini, najifanya naandaa pingamizi. Hati kaitoa kashani, iko mkekani mbele yake. Nakala kaniomba, nimempa. Nikasema lete, dada, nikusomee.

"Umenisomea sana, Twaha. Leo niache."

Kisomo cha watu wazima kilimwachia herufi zake, anasoma kwa kidole. Polepole. Nilidhani ataanzia kwenye jina la mumewe. Kaanzia juu kabisa.

"I-ju-maa," anasema. Kidole kimesogea.

"Kumi na —"