Gari la Kenneth na Barua Niliyoichapa

Jumanne, 2 Septemba 2025

...na ndiyo maana nasema si gari tu. Jana niliishia hapo, kalamu ikagoma. Ni Probox nyeupe ya namba ya Kenya, mlango wa nyuma haufungi mpaka uubamize. Lakini ndiyo iliyonitoa kanisani na mume wangu! Riboni ya harusi bado iko kwenye kioo cha pembeni, imekuwa kahawia kwa vumbi la Katesh. Kenneth anataka kuitoa. Nimemwambia jaribu uone.

Siku kumi na saba za ndoa. Nikiamka naangalia kwanza kama yupo. Yupo. Analala na soksi — anasema baridi ya Mlima Hanang haina adabu.

Leo alikuwa anaosha gari, mwenye nyumba wetu Mzee Sebastiani akapita. Kenneth akasema, habari yako mzee. Mzee akasimama, akangoja. Nikamkanyaga mguu mume wangu. Shikamoo, akasema. "Marahaba. Kumbe Wakenya mnafundishika."

Alhamisi, 4 Septemba

Kaka Marko amekuja kutoka Bashay. Anataka gari, kesho tu, afuate magunia ya vitunguu swaumu. Nilikuwa nimeshamwahidi. Kenneth akakataa! Akatoa karatasi aliyopewa mpakani Namanga alipoingia kwa ajili ya harusi. Gari limeingia kwa muda, kama gari la mgeni anayetembea. Kuendesha ni yeye peke yake. Sisi wa hapa haturuhusiwi hata kulisogeza, na mzigo wa biashara ndiyo kabisa.

"Sawa," Marko akasema. "Shemeji ana gari, ila gari halina mashemeji."

Nilicheka na wao, lakini jicho langu lilikuwa limeshafika chini ya karatasi. Mwisho tarehe 14 Septemba. Jumapili ijayo ile nyingine! Ikipita, gari linakamatwa, na vifaa vyake vyote vya kufungia pampu vimo humo. Ndivyo vilivyomleta Hanang mara ya kwanza, kwenye kisima cha Gendabi, mimi nikiwa nimekwenda kwa shangazi. Asingekuwa fundi nisingemjua.

Kenneth anasema usijali mrembo, wanaongeza, ni kuomba tu. Kazini kwake Machakos wamempa likizo ndefu mpaka Novemba. Na baada ya Novemba? Tutaona, anasema. Silipendi hilo neno.

Jumapili, 7 Septemba

Bashay, kwa baba. Kenneth alitafuta kiti akae. Baba akamwambia: "Mgeni ndiye anapewa kiti. Wewe si mgeni tena. Jembe liko nyuma ya mlango." Mzee Hhando huyo, hata hatabasamu.

Kenneth akavua shati la kanisani, akalima matuta mawili. Malengelenge matatu mkono wa kulia, nimeyahesabu na kuyapuliza moja moja. Njia nzima ya kurudi nilikuwa narudia kichwani. Si mgeni tena. Si mgeni tena.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeandika barua ya kuomba muda wa gari. Ndiyo kazi yangu — stationery ya dada Natalia, nusu ya barua za Katesh zinapita kwenye vidole vyangu. YAH: MAOMBI YA KUONGEZEWA MUDA WA GARI. Natalia amesoma, akasema inanukia marashi. Akafuta "mpenzi" mara mbili.

Kila ofisi nchi hii inataka barua ya mtendaji wa kata. Hakuna aliyetuomba, lakini mimi nazijua ofisi. Bora uwe nayo. Barua za mtendaji tunachapa sisi hapa hapa, mfano wake uko kwenye kompyuta, ni kubadilisha jina tu. Nikabadilisha. "Ni mkazi halali wa kata hii tangu Agosti 2025." Nilipochapa "mkazi halali" nilijisikia kama siku ya kuvalishwa pete.

Mtendaji ni Madam Kissa, wa Mbeya. Akaisoma, muhuri mkononi. Una hakika, Leticia? Madam, ni mume wangu. Akasema kuwa mume siyo kuwa mkazi, mimi mwenyewe nina mume Tukuyu. Tukacheka. Akagonga.

Nikaambatanisha na nakala ya cheti cha ndoa.

Jumatano, 10 Septemba

Siwezi kukaa. Nimefagia chumba mara mbili.

Tulitoka alfajiri, Arusha tukafika saa tano. Ofisi ya forodha, dirisha la pili. Afisa mpole tu, ana miwani. Akasoma ombi, akaanza kuandika, nikambonyeza Kenneth. Kisha akafunua karatasi ya chini. Akaisoma taratibu. Akarudi juu.

"Huyu ni mgeni au ni mkazi?"

Nilijibu mimi. Mkazi! Tumepanga nyumba kabisa, nikasema. Hata baba amesema si mgeni tena.

Akavua miwani. Akaeleza bila ukali, kama mwalimu. Kibali hiki ni cha mgeni. Mkazi hatembelei gari la namba ya nje. Mkazi analilipia ushuru, linapata namba ya hapa. Au linatoka kabla ya tarehe yake.

Kenneth akauliza ushuru ni kama kiasi gani. Akaambiwa. Akashika ukingo wa dirisha.

Afisa akamuuliza yeye sasa: "Wewe mwenyewe, unaishi wapi?"

"Machakos. Hapa nimetembea tu."

Hakufikiri hata kidogo. Ilitoka kama mtu anavyotaja jina lake.

"Sasa nisome nini? Mdomo au muhuri?" Akaturudishia karatasi. Litoke kwanza, akasema. Akirudi siku nyingine kama mgeni wa kweli, aje na maelezo yanayoeleweka.

Tukafika Minjingu. Nikasema samahani, barua ni yangu. Akasema hapana mrembo, ulikuwa unasaidia. Akanunua mahindi ya kuchoma, akanipa lenye punje nyingi. Nampenda. Lakini Machakos ilikuwa imekaa kati yetu kama abiria.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimesema: lipeleke, liache, rudi na basi. Akasema nikifika huko wakiniona watanirudisha kazini, ngoja kwanza nivuke. Nimesema: tulipe ushuru pole pole. Akasema unazidi bei ya gari lenyewe.

Nikauliza: na ungekuwa mdogo?

Alikuwa anakaza nati za tairi. Akaendelea kukaza. Ile ya mwisho aliikaza muda mrefu sana.

Jumamosi, 13 Septemba

Ameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimemfungia maandazi kumi na nne. Mzee Sebastiani alisimama langoni, akamwambia safiri salama mkwe wetu. "Shikamoo mzee," Kenneth akasema, bila kukanyagwa.

Nilitaka kumsindikiza mpaka Babati. Akasema utarudi peke yako na vumbi, baki. Nimebaki. Riboni imekwenda naye, hakuitoa. Nimeiona mpaka kwenye kona.

Soksi moja iko chini ya kitanda. Nimeiacha hapo hapo.

Jumapili, 14 Septemba

Ujumbe uliingia jana jioni: Nimevuka, gari salama. Nikapiga. Sauti yake ina watu nyuma, mama yake anamwita akale. Nikamuuliza, utarudi nyumbani lini?

"Nitakuja kukutembelea, mrembo. Kabla mwezi haujaisha."

Nikasema sawa.

Sasa anataka barua ya mwaliko, ili dirishani Namanga maelezo yaeleweke. Baada ya misa nimemwomba Natalia ufunguo, niko peke yangu hapa stationery. Nimefungua ule mfano wa mtendaji nikaufunga. Nimeanza upya. Mara ya kwanza niliandika "mume wangu anarudi." Nimefuta. Nikaandika "mume wangu anakuja." Nimefuta. Mashine inanguruma, karatasi iko tayari, kesho Madam Kissa atauliza tena kama nina hakika.

YAH: MWALIKO WA MGENI WANGU.

Mimi Leticia Hhando, mkazi wa Katesh, nathibitisha kwamba Bwana Kenneth, mkazi wa Machakos, atanitembelea kabla ya mwisho wa mwezi huu.