Majina Yetu ya Doha

Kaka Wafula,

Siwezi kuketi. Barua hii nimeianza jikoni nikiwa nimesimama, nikahamia kitandani, sasa niko dirishani natazama magari ya mtaa wetu wa Al Sadd yakigombania mahali pa kuegesha. Akinyi, ninayekaa naye chumba kimoja, anasema nikiendelea kuzungukazunguka atanifunga kwa kamba ya nguo. Ni wiki ya sita tangu tukusindikize uwanja wa ndege, ukirudi Bungoma ndani ya sanduku, na kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai.

Kwanza habari. Ushirika wetu wa Ijumaa bado upo. Asubuhi kanisani, kisha chai kwangu. Karatasi ya maombi inazunguka vilevile, kila mtu aandike jina lake na haja yake, ila siku hizi watu wanaishika kama kitu cha moto. Mugisha, yule Mganda wetu wa hotelini, anaandika herufi moja tu ya jina, eti Mungu atamjua. Getini ulipokuwa ukilinda, kule Al Thumama, wameweka Mnepali mpole. Nilipita nikaona amekaa kwenye kiti chako, nikaondoka bila kumsalimia. Hakunikosea chochote.

Nimekukasirikia pia, usidhani nalia tu. Kila siku kazini ulikuwa na kile kidude sikioni, ukimsikiliza mtangazaji wako wa Marekani, yule mhubiri anayetaka jimbo lake lijitoe katika nchi na lijitawale kwa sababu, anavyosema, serikali imewageuka waumini. Shifti ikiisha unatutumia sauti, umeyaleta yote kwa Kiswahili: shule, ndoa, watoto wasiozaliwa, mipaka. Nami nilikubishia. Nilikuambia sisi kwetu tumeona majirani wakikimbiana baada ya uchaguzi, sasa wewe unashangilia nchi ya wenyewe ikipasuka? Ukanijibu kwa ule utulivu wako wa kuudhi.

"Mueni, watu wakishindwana si waachane kwa amani? Hao watu wa habari wamekujaza upepo."

Nikasema na wewe umejazwa na redio moja. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ijumaa iliyofuata ukaja na mandazi ya kuniziba mdomo, na yakaniziba.

Halafu yule mtangazaji akaomba waumini wa kila mahali waweke majina yao mtandaoni kuunga mkono jimbo lijitenge. Wafula, Wafula. Kwetu mtu akisema leteni majina, tunaleta, yaombewe. Ukachukua karatasi yetu ya Ijumaa ukayaingiza majina yote ishirini na matatu, hata langu mimi niliyekuwa nimeomba tu mguu wa mama yangu upone. Mji, Doha. Baruapepe ukaweka yangu, kwa kuwa mimi ni katibu. Ulipotuambia ulikuwa unatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. Mugisha alisimama akauliza kama unataka tufukuzwe kazi, sisi wageni wa huku kuonekana tunagusa siasa, na hapo ndipo ulipoelewa. Ulituomba msamaha mmoja mmoja. Ulijaribu kuyaondoa majina ukashindwa.

Sasa lile jambo. Siku chache baadaye mwandishi wa habari wa huko Marekani aliniandikia. Alikuwa ameipata orodha. Aliuliza kwa heshima kabisa: hawa watu wa Doha ni watu kweli, na waliingiaje humo? Niliisoma baruapepe yake wakati wa mapumziko hospitalini, bado nimevaa glavu mkono mmoja. Niliuona akilini mkataba wangu wa kazi ukichanwa. Nikaifuta. Aliandika tena, nikaifuta tena.

Basi akaandika alichotaka, kwamba majina ya Doha ni bandia na kuna mkono wa kigeni. Na mtangazaji wako, uliyemsikiliza miaka minne, akasema hewani kwamba majina hayo yamepandikizwa na vyombo vya habari ili kumchafua. Hawakupatana kwa lolote lile, ila kwamba wewe hukuwepo duniani. Ulimsikia kwa masikio yako. Ulikuja kwangu hujabadilisha hata sare, ukakataa chai.

"Hawakuuliza mtu hata mmoja, Mueni?"

Nikasema sijui. Nilikutazama usoni nikasema sijui.

Siku kumi na moja baadaye moyo wako ulisimama. Daktari alisema ulikuwa na ugonjwa wa siku nyingi, nami ni muuguzi, naelewa maneno hayo. Lakini mwenzako sijatulia tangu siku hiyo. Nakunja nguo zilizokunjwa. Nashuka ngazi nikiwa sijui naenda wapi.

Wazee wa ushirika wamesema yaishe, khalas, tusichokoze. Nimewaelewa, wana watoto wa kusomesha. Kwa hiyo sikuwataja. Jana nilimwandikia mwandishi, nikatuma nakala kwa mtangazaji, nikaweka jina langu na lako tu. Nimesema mimi sikubaliani na kujitenga kwa jimbo lile na hata leo sikubaliani. Nimesema wewe ulikubaliana kwa moyo wako wote, bila kutumwa na mtu, na kwamba ulikosea kuingiza majina yetu ukakiri. Nimesema niliulizwa mapema nikanyamaza. Mtangazaji hajajibu. Mwandishi amejibu leo asubuhi: yuko tayari kusahihisha, ila nina uthibitisho gani kwamba mtu huyo alikuwepo?

Nimepekua chumba chote. Karatasi pekee niliyo nayo yenye jina lako lote ni nakala ya cheti cha kifo. Akinyi ameniuliza kama nina hakika, kazi ikipotea je. Sina hakika. Nimekipiga picha, nimekituma.

Lala, kaka yangu. Nisamehe lile "sijui". Siwezi kukuahidi kwamba watasahihisha, wala kwamba kesho nitakuwa bado na kazi. Naahidi hili moja: mtu yeyote akiniuliza tena kama ulikuwepo, nitamjibu siku hiyohiyo.

Dada yako,
Mueni