Nilivyovuka Mpaka na Mkoba Mmoja

Nyumba ileile, ghorofa ya pili,
mlango wa kushoto.
Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Wifi yangu mpendwa,

Kwanza hujambo? Na usinijibu ile "sijambo" yako ya mdomoni. Nataka habari za goti: limekubali kupanda ngazi au bado limegoma? Shemeji je, bado anafungua redio za watu na kubakiwa na skrubu mkononi? Na hao pacha wako, mitihani imekwisha salama?

Sisi huku tu wazima. Mjukuu wetu ameota meno mawili ya juu na anang'ata kila anayemsogelea, mimi nikiwa wa kwanza.

Sasa kaa chini, vaa miwani. Barua hii isome mwenyewe, usimpe shemeji akusomee, maana huyo atacheka kabla hajafika panapochekesha.

Unajua tangu kaka yako atutoke, binti yangu mkubwa hajapumua. Tulimwita Waziri tangu ana miaka sita kwa sababu ya kuamrisha watu, na tabia hiyo amerithi kwa shangazi yake, usinune. Miaka miwili hii, kila Jumapili amekuja na wimbo mmoja: "Mama, hama. Njoo ukae kwetu. Peke yako hutaweza." Mwezi uliopita akapaka rangi chumba chao cha nyuma, akatundika na pazia. Ni chumba kizuri, sisemi uongo. Lakini kila nikikaa kwenye kile kitanda najiona kama mgonjwa aliyelazwa. Hata hivyo nilikuwa nimeishiwa maneno. Nilimwahidi kwamba Jumapili hii iliyopita nitampa jibu, na jibu lenyewe lilikuwa ndiyo. Ndiyo ya shingo upande, lakini ndiyo.

Basi Ijumaa, saa nne asubuhi, boila la kazini, lile la kuchemshia maji, likapasuka. Nipo palepale, chumba cha kufulia cha hospitali, huu mwaka wa ishirini na mbili, na sikuwahi kusikia zile mashine kubwa zimenyamaza zote kwa pamoja. Msimamizi akatazama maji yanavyotambaa chini ya toroli za mashuka, akasema, "Jamani, nendeni nyumbani. Tuonane Jumatatu." Mashuka safi ya wodi yalikuwapo ya kutosha, kwa hiyo niliondoka na moyo mweupe.

Nikapita ofisi ya mabasi kuuliza kama siku hizi wanapokea vifurushi vya kuja huko kwako. Karani alikuwa anazozana na mtu kwenye simu. Alipoikata akapaza sauti, "Kiti kimoja, dirishani! Gari linaondoka saa sita na nusu!" Akautaja ule mji wa ng'ambo ya mpaka, ambao maisha yangu yote nimeusikia kwenye utabiri wa hali ya hewa tu. Wifi, sijui nilipatwa na nini. Nilisikia sauti inasema, "Nipe hicho." Nikageuka kumtafuta mwenye sauti. Kumbe mimi!

Pasipoti ilikuwa mkobani, maana kitambulisho changu kilipotea tangu mwezi wa tano na natembea nayo kila niendako. Nikanunua mswaki, sweta na nguo za ndani. Nikamwandikia Waziri ujumbe: "Nimesafiri kidogo. Nipo salama. Nitarudi Jumapili jioni." Kisha nikafanya uhuni ambao sijawahi kuufanya: nikazima simu.

Mpakani afisa alinitazama, akatazama pasipoti yenye kurasa tupu, akanitazama tena.

"Unakwenda kufanya nini, mama?"

"Kutembea."

"Na nani?"

"Na huu mkoba."

Alijaribu kukaza uso wa kiserikali, ukamshinda. Akagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikaruka.

Jirani yangu garini alikuwa mkunga anayejua lugha yetu na ya huko. Ndiye aliyenipeleka hadi nyumba moja yenye mlango wa kijani, kwa mwanamke anayepangisha vyumba, akanitafsiria mambo ya muhimu, yaani choo kiko wapi na chai saa ngapi, kisha akaenda zake. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, kiti kimoja, beseni la ukutani lenye mabomba mawili, yote ya baridi, na dirisha linalotazama paa la shule. Nilifunga mlango, nikasimama katikati nikiwa sina la kumfanyia mtu yeyote. Nikaogopa kidogo, nisikufiche. Unajua bado nalala upande wangu wa kitanda, ule wa ukutani, wa kaka yako nauacha. Kile cha chuma hakikuwa na upande wa mtu. Nikalala katikati, nimetandaza mikono na miguu kama nguo iliyoanikwa, na usingizi ukanibeba mpaka asubuhi.

Jumamosi nikatoka. Nilitembea mtaa mzima wa mafundi wa funguo, nao ukamwagikia kwenye mtaa mzima wa mafundi viatu. Nikaingia duka linalouza vifungo tu, ukuta hadi ukuta, na mwenye duka akaniacha nivishikeshike bila kunikodolea macho. Nilinunua mkate wa moto nikaula njiani nikitembea, mimi mwanamke wa miaka hamsini na nne, kama mwanafunzi mtoro. Hakuna aliyenijua. Hakuna aliyeniita mama fulani wala mjane wa fulani. Nikakata kulia, nikakata kushoto, nikakata kulia tena.

Nikapotea.

Jina la mtaa sikuliandika. Kila niliyemsimamisha alinijibu kwa adabu nyingi na maneno nisiyoyajua hata moja. Nikaona jengo kubwa lenye ngazi pana, nikasema hii lazima ni ofisi ya serikali, watanisaidia. Nilipofungua mlango nikapokewa na harufu ninayoijua kama jina langu: klorini, ile dawa yetu ya kutakasia mashuka. Kwenye kaunta alikaa mama mmoja mnene mwenye sura ya kupendeza. Nikaanza kumweleza kwa mikono kwamba nimepotea. Nikazungusha mikono mbele, nikaipeleka huku, nikaipeleka kule. Akanitazama kwa makini, akatabasamu, akainama chini ya kaunta, akaniwekea mbele yangu nguo ya kuogelea na kofia ya mpira.

Wifi, lilikuwa bwawa la kuogelea la manispaa! Na mimi kwa ile mikono yangu nilikuwa nimeomba kuogelea.

Ningeweza kukataa. Lakini nilichungulia mlango wa ndani nikaona wanawake tu, wengine wakubwa kuliko mimi, matumbo yao na makovu yao, wamejaa majini wanapiga soga. Maji nayafahamu miaka ishirini na miwili, ila mikono tu. Nikapiga moyo konde. Nilipokuwa navaa ile kofia nikajiona kwenye kioo, nikafanana na yai.

Mwalimu wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni. Alinishika mkono tukashuka ngazi moja moja hadi maji yakanifika kifuani. Akaniashiria nilale chali, yeye atanishika. Nikamwamini. Miguu ilipoacha sakafu, imani ikaniishia palepale. Nikamkaba shingo, tukazama wote wawili, filimbi na mambo yote. Tulipoibuka bwawa zima lilikuwa linavunjika mbavu, na mwalimu ndiye aliyecheka zaidi. Mara ya pili nikamkaba tena. Mara ya tatu akaweka kiganja kimoja chini ya mgongo wangu, akasema neno moja polepole. Sijui maana yake hadi leo, lakini lilikuwa na sauti ya "acha". Nikaacha.

Masikio yakaingia majini, na dunia ikanyamaza. Juu kulikuwa na paa la vioo na mwanga unatetemeka. Wifi, sikufikiria kitu. Si kodi, si zamu, si chumba cha nyuma, hata kaka yako, nisamehe, sikumfikiria. Nilikuwa mwepesi. Nilipogeuza macho nikamwona mwalimu amesimama hatua mbili kutoka nilipo, mikono yake yote miwili juu, ananionyesha. Hakuna aliyekuwa amenishika. Nikapiga kelele za furaha, nikameza maji, nikazama. Lakini nilikuwa nimeelea!

Nilipotoka kurudisha nguo, ufunguo wa chumba ukaanguka kwenye kaunta. Yule mama akaokota, akasoma kibao cha mbao kilichofungwa kwenye ufunguo (kumbe mtaa uliandikwa hapo, na mimi nimeubeba mfukoni asubuhi nzima), akanishika bega, akanigeuza dirishani. Mlango wa kijani ulikuwa ng'ambo ya barabara.

Mchana huo nikawasha simu. Waziri alikuwa amepiga mara thelathini na moja. Ya thelathini na mbili niliipokea.

"Mama! Uko wapi?"

"Nje ya nchi."

"Nje ya nchi gani?"

"Hii yetu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akanong'ona, "Mama, kama umetekwa, kohoa mara mbili."

Na mimi maji ya bwawa yalikuwa bado kooni. Nikakohoa. Si mara mbili, mara tano! Uliza nilivyohangaika kumzuia asiende polisi. Ilibidi nimwimbie ule wimbo niliokuwa nikimbembelezea utotoni, mstari wa mwisho ambao tunaujua sisi wawili tu, ndipo akasadiki. Baada ya hapo nikasemwa, wifi, nikasemwa mimi kama mtoto aliyevunja sahani. Nilisikiliza kwa heshima nikila chungwa.

Jumapili asubuhi nilirudi bwawani. Nilielea bila kiganja cha mtu, nikahesabu hadi arobaini. Wale akina mama wakanipigia makofi. Tuliagana kwa kukumbatiana, maji yakitutiririka, hakuna aliyejua jina la mwenzake.

Basi lilipofika huku jua lilikuwa linatua. Waziri alisimama kituoni, mikono kifuani. Akanikagua kuanzia kichwani hadi viatuni, kama anayehesabu viungo. Akaniingiza garini, akaliwasha. Alipokunja kuelekea kwake nikamwambia, "Nipeleke kwangu, mwanangu."

Akasimamisha gari pembeni. "Mama, chumba kiko tayari."

"Nakijua. Nimekiona, ni kizuri, na umekitengeneza kwa mapenzi. Nitakuja kulala nikija kuwatembelea. Lakini sihami. Nilidhani siwezi kukaa peke yangu, nikakuamini kwa sababu wewe ndiye uliyesema. Sasa nimejaribu, na nimeweza."

Nilitegemea vita. Akalia, wifi. Waziri wetu, ambaye hata msibani alikuwa anapanga viti, aliweka kichwa kwenye usukani akalia kwa kwikwi. Akasema amekuwa akiogopa kila simu inayolia asubuhi. Akasema amechoka. Nikamfuta uso kwa sweta yangu mpya, nikamsimulia yote: afisa, vifungo, yai kwenye kioo, mwalimu niliyemzamisha na filimbi yake. Alipoanza kucheka, alicheka mpaka honi ikalia.

Nyumbani akanipandishia mkoba hadi mlangoni, ingawa una uzito wa mkate. Akasimama pale, amejiegemeza ukutani, anachezea funguo za gari. Ana watoto watatu, kazi, mume, na nikakumbuka kwamba tangu aolewe sijawahi kumwona ameketi bila kitu mkononi.

Nisikuchoshe. Nisalimie shemeji, mwambie skrubu zake azihesabu. Wape pacha busu moja moja, na jirani yako wa mlango wa pili, yule mshonaji aliyetuma salamu mwaka jana, mwambie zilifika na zinarudi. Mungu akulinde utokapo na urudipo, alilainishe hilo goti, na akujalie cheko la kutosha mwaka huu wote.

Ah, nilitaka kukumalizia ya Waziri. Alishuka ngazi tatu, akageuka, akauliza kama mtu anayeuliza jambo la mwenzake: "Mama, hayo mabasi ya Ijumaa, ulisema yanaondoka saa ngapi?"

Nikamwambia saa sita na nusu. Akatoa simu, akaandika.

Ni mimi wifi yako,
nikupendaye kwa moyo wote,
Mke wa kaka yako